Mkwe Haingii Jikoni

Mume wangu alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa uani, mbali na mlango wa jikoni kwa mama, na kwa mara nyingine akaniuliza kama ufa umepita mpaka nyuma. Nikamwambia sijui, mimi nauza vitenge, fundi wa majiko ni yeye. Akasema basi rudi ukaangalie vizuri. Nikarudi, huku nimenuna.

Tulikuwa tumetoka Chapwa alfajiri kwa pikipiki mpaka Ndalambo, mimi na Mika na mfuko wa zana zake, kwa ajili ya jiko hilo tu. Na Mika hakuweza kulitazama. Kwetu mkwe wa kiume haingii jikoni kwa mama mkwe mpaka wakubwa wamwingize kwa sherehe, apikiwe, apakuliwe, aruhusiwe. Mpaka siku hiyo hata kuongea hawaongei, ujumbe wao naubeba mimi. Mwenye kazi ya kumwingiza ni baba mdogo Yonasi, anayeishi Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kila mwaka anasema tukishavuna. Mahindi yamevunwa, yameuzwa, yameliwa, yamepandwa mengine, na Mika bado anaishia uani.

Jiko lenyewe ni la kuni, la tofali na udongo, lenye matundu mawili ya sufuria na bomba la kutolea moshi. Tangu daktari amwambie mama kwamba kifua chake na moshi haviwezi kukaa nyumba moja, ndilo lililomwezesha kuendelea kuishi kwake. Wiki iliyopita alitaka kuokoa makaa, akamwaga maji juu ya tofali zilizokuwa bado za moto. Zikapasuka. Sasa moshi unatokea kila mahali isipokuwa kwenye bomba.

Nilishamwambia: likishindikana kutengenezwa, anarudi nasi Chapwa. Hataki. Aliwahi kukaa kwetu wiki mbili, malori ya mpakani yakamnyima usingizi, akasema kule mtu anaishi kama mzigo unaosubiri kuvushwa. Huku ana shamba lake, kuku wake, kwaya yake. Alisema akiondoka harudi tena, na nilijua anasema kweli, kwa sababu nyumba ikifungwa mchwa hawangoji.

Basi nikawa naingia na kutoka. Mika akataka nigonge tofali kwa fimbo nimwambie zinaliaje. Nikamwambia zinalia kama tofali. Nikapiga picha kwa simu, lakini mle ndani ni masizi matupu, picha ikatoka nyeusi tii. Nilipowasha taa ya simu mama akafunika sufuria zake kwa kanga, akauliza tangu lini mkwe anaonyeshwa vyombo vya mama mkwe wake. Nikamwomba aende kwa jirani yake Enesi, Mika aingie mara moja tu atoke. Akakataa kabisa. Nikatoka kumwuliza Mika, naye akakataa, karibu kwa maneno yale yale. Miaka yote sijawahi kuwasikia wakikubaliana vizuri namna ile, na nilitamani kuwafunga wote wawili kwenye gunia moja.

Hasira zikanipanda. Nikasimama katikati ya mlango ili wote wasikie, nikauliza ni heshima gani hii inayomvutisha mtu moshi mpaka afe. Mama alikohoa, kikohozi kirefu cha kuinama, na Mika akatazama chini. Nikaenda nyumba kubwa, nikaanza kutia nguo za mama kwenye begi. Nilikuwa nalia, kwa sababu na mimi sikutaka aondoke.

Ndipo niliposikia kishindo. Nilikimbilia jikoni, nikamkuta mama ameshika jembe, anapiga ukuta wa nyuma ya jiko kutoka ndani. Nilijaribu kumnyang'anya, akalivuta.

"Mwambie asogee," alisema.

Ukuta ni wa tofali mbichi, umenyeshewa masika mengi, haukubisha sana. Kipande kizima kiliangukia nje na mwanga ukaingia. Mama akajipangusa vumbi, akajifunika kanga kichwani, akatoka na kwenda kukaa nyuma ya kihenge cha mahindi.

"Mwambie hapo si jikoni tena," alisema kutoka huko. "Ni uani."

Mika alikuwa amesikia. Hata hivyo alisubiri nimwambie, nami nikamwambia. Akapiga magoti kwenye kifusi, akatia mkono ndani ya jiko mpaka kwenye kiwiko. Akachomoa tofali moja, likamvunjikia kiganjani. La pili vile vile. Hakusema kitu, na mimi namjua: akiona pa kuziba huanza kuongea hapo hapo, udongo kiasi gani, majivu kiasi gani.

"Mwambie mama halitengenezeki," alisema mwishowe. "Jipya naweza kulianza leo, lakini mpaka likauke vizuri ndiyo liwashwe, ni kama mwezi."

Mwezi bila jiko maana yake ni Chapwa. Niliinuka kupeleka maneno hayo, nikafika katikati ya uwanja, nikasimama. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi.

"Mwambie mwenyewe," nilisema. "Hili mimi silibebi."

Mika alisimama, akageuza uso upande wa shamba.

"Mama," alisema, na sauti ilimtoka ndogo. "Jiko limekufa. Nitajenga lingine. Hutakwenda popote. Nitalala kwa akina Enesi, na mpaka likauke nitakupikia mimi, huku nje."

Mkwe ampikie mama mkwe wake. Hilo hata baba mdogo Yonasi hajawahi kulisikia. Nyuma ya kihenge mama alikohoa, akatulia.

"Mwambie," alianza. Sikuinuka. Alingoja, akaona siji. "Ugali laini mimi siuli."

"Ndiyo, mama," Mika aliitikia, akainama kuanza kuchambua tofali zilizobaki nzima.