Anwani ya Mofini

Kwa miaka kumi na miwili Verna Tackett ndiye aliyekuwa tabibu pekee wa bonde lile la milima ya Appalachia, Marekani. Alikuwa muuguzi aliyerudi chuoni akasoma hadi akaruhusiwa kupima, kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Isipokuwa mofini na jamaa zake, dawa kali za kutuliza maumivu. Hizo zilidai mkataba na daktari wa kumsimamia, kisha cheti cha jimbo, kisha namba ya serikali ya taifa. Hakuwahi kuhangaika nazo, kwa kuwa wenye maumivu makali aliwapeleka mjini. Lakini sasa saratani ilikuwa imeila mifupa ya Delbert Slone, mchimba makaa mstaafu, na Delbert hakuweza tena kusafirishwa hata hadi barazani.

Msimamizi akapatikana: Dakta Whitlow, bingwa wa magonjwa ya ngozi aliyekuwa akila ustaafu wake kando ya ziwa, maili tisini kutoka kliniki asiyowahi kuiona.

"Bi Verna," aliuliza kwa simu, "mofini siku hizi mnaanza na kiasi gani?"

"Miligramu tano, daktari, kila saa nne."

"Vyema. Andika kwamba nimekuelekeza hivyo."

"Wewe namba unayo. Mbona usimwandikie mwenyewe leo hii?"

"Mgonjwa nisiyemwona kwa macho? Ah, maadili hayaruhusu!"

Basi Verna akajaza fomu zote, akatuma. Baada ya wiki mbili zikarudi. Katika bonde lile tarishi hafiki. Kila mtu, hata kanisa, hutumia sanduku la posta, na ukimwuliza mtu makao yake atakutajia sanduku bila kupepesa macho. Verna naye alikuwa ameandika Sanduku 41.

"Mama," alisema karani wa ofisi ya taifa kwenye simu, "dawa hizi husajiliwa mahali zinapoandikiwa. Wewe unatibia watu ndani ya sanduku?"

"Tuko nyuma ya kanisa la Baptisti, kabla ya daraja."

"Jengo halina namba ya barabara?"

"Linayo. 2208."

"Sasa kwa nini hukuiandika?"

"Kwa sababu hakuna anayeijua."

Sanduku lilikuwa limeingia katika mkataba, na kutoka katika mkataba likaingia katika cheti. Yote yakaanza upya. Jioni ile Verna alipita kwa Delbert, akamkuta ameukamata ukingo wa kitanda kama mtu anayezuia gari lisiporomoke.

"Serikali inasemaje, binti?" aliuliza Delbert, meno yameumana.

"Inataka kujua tuko wapi."

"Waambie wafuate kelele zangu."

Alfajiri Verna aliendesha gari maili tisini, mkataba mpya kando yake. Dakta Whitlow alikuwa ndani ya mashua, ndoano majini. Akasogea ukingoni kwa shingo upande.

"Nikisaini tena, huyu mgonjwa atakuwa wangu?"

"Hapana, daktari. Atakuwa wangu."

"Basi lete kalamu."

Namba ikatoka siku ya kumi na tisa baada ya saini hiyo. Opal, mkewe Delbert, akaikimbiza karatasi ya dawa aliyoiandika Verna kwenye duka la dawa, akarudi na kichupa chepesi.

"Mbona kidogo hivi?" alimfokea Verna. "Kama pipi za mtoto!"

"Sheria ya jimbo letu hainiruhusu kuandika zaidi ya siku tatu."

"Na ya nne nimng'ate nani?" aliuliza Delbert.

"Ya nne nitakuwa hapa mwenyewe. Meza."

Akameza. Ilipita nusu saa na ushei kabla vidole vyake havijauachia ukingo wa kitanda, kimoja kimoja.

Siku ya nne, saa kumi na mbili asubuhi, Verna aligonga mlango akiwa na karatasi ya pili mkononi. Opal alitokea, akaweka kidole mdomoni, akaipokea karatasi hiyo papo hapo kizingitini.

"Usiingie, mwenzangu," alinong'ona. "Amelala."