Pembetatu Kwenye Pindo

Mama hajasaini! Naanzia hapo kwa sababu najijua. Nikianza mwanzo nitafika katikati nimeshabanwa na kicheko, na nyinyi mtakuwa bado hamjui kama mama yangu ana kazi au hana. Anayo. Hajasaini. Sasa ngojeni nivute pumzi.

Mama ni fundi cherehani wa hospitali kuu ya jimbo. Wengi hawajui hata kama hospitali ina fundi cherehani. Wanawajua madaktari, wanawajua manesi, wanamjua mpaka mlinzi wa geti anayewafukuza saa ya kutazama wagonjwa ikiisha, ila shuka likichanika hakuna anayejiuliza nani atalishona. Ni mama. Miaka ishirini na mbili, chumba kimoja nyuma ya jengo la kufulia, dirisha moja, meza moja, na cherehani nyeusi ya chuma ambayo gia yake ya kurudi nyuma ilikufa nikiwa darasa la tano.

Hiyo gia muikumbuke.

Ukishona pindo la shuka, mwishoni lazima urudi nyuma kidogo, la sivyo uzi unafumuka wakilifua mara ya pili. Gia ikifa, hurudi. Mama aliandika barua kuomba fundi aje. Akaandika nyingine. Serikali ya jimbo ikamjibu kwamba ombi lake linashughulikiwa, na mimi nimesoma, nimemaliza chuo, nimepata kazi ya kujitolea na kuikosa, ombi bado linashughulikiwa. Basi mama akajitafutia njia. Akifika mwisho wa pindo anaiacha sindano imezama kwenye kitambaa, ananyanyua kile kiguu cha cherehani, anageuza shuka, anashona mishono mitatu. Anageuza tena, mitatu. Anageuza tena, mitatu. Inatoka pembetatu ndogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Nimekua nikimshikia ncha ya shuka akifanya hivyo. Ukinifunga kitambaa machoni nitaipapasa pembetatu ya mama na kukuambia ndiyo hii.

Sasa, miezi miwili nyuma lilikuja lori. Mtunza stoo wa hospitali, sisi tunamwita Baba Stoo, alimfuata mama chumbani akamwambia kunguni wamezidi wodini, makao makuu ya jimbo wanataka mashuka yote ya akiba yakapigwe dawa. Mama akafungua kabati. Wakapakia mpaka kabati likabaki na harufu tu. Mama akauliza, "Na karatasi?" Baba Stoo akasema, "Karatasi nimesaini mimi, Mama Redio, usijali, sisi hapa ni ndugu."

Redio ni mimi. Nimesomea mawasiliano ya umma, stashahada kabisa, ya daraja la juu, lakini mtaani wanasema nimesomea umbea na serikali ikanipa cheti.

Mashuka hayakurudi. Wiki ya kwanza, kimya. Wiki ya tatu wagonjwa wakaanza kuambiwa waje na mashuka ya nyumbani. Tayari walikuwa wanakuja na glavu, wanakuja na pamba, wanakuja na beseni. Dada mmoja alikuja kujifungua amebeba furushi kama anahama nyumba. Kila siku redioni (redio ya kweli, si mimi) tunasikia jimbo limenunua hiki, limenunua kile, na watu wanaulizana vinakwenda wapi. Wiki iliyopita waliandamana mpaka kwenye ofisi za jimbo, kila mmoja ameshika boksi tupu la dawa. Hawakupiga kelele hata. Waliyapanga yale maboksi kwenye ngazi wakaondoka.

Nadhani hilo ndilo lililowatia kiwewe wakubwa. Jumatatu ikatoka habari: Mheshimiwa wa afya wa jimbo atakuja Alhamisi kukabidhi mashuka mapya. Na Jumatatu hiyohiyo mama akapewa barua.

Aliileta nyumbani ndani ya pochi, akala chakula chote kwanza, akanawa, ndipo akanipa nisome. Inasema mashuka ya akiba yamepotea mikononi mwake kwa uzembe. Akisaini kukubali, ataondoka kimya kimya, bila kiinua mgongo. Asiposaini mpaka Ijumaa saa sita mchana, jalada linakwenda polisi.

"Na lori?" nikapiga kelele.

"Nimemuuliza Baba Stoo. Anasema hakumbuki lori."

"Hakumbuki lori! Lori si sindano, mama!"

"Punguza sauti." Akaikunja barua vizuri, kwenye mikunjo yake ileile. "Unajua kinachoniuma? Si kazi. Watoto wakizaliwa hawapumui, manesi wananiletea kipande cha kitambaa mimi. Nawashonea sanda. Wazazi wao wengine wananisalimia barabarani mpaka leo. Kesho wasikie eti yule mama ni mwizi wa mashuka."

Nikaviosha vyombo bila kuambiwa. Mimi! Muulizeni yeyote, hilo halijawahi kutokea.

Alhamisi nilimsindikiza. Metroni, mkuu wa manesi, alitaka mikono ya kutandika vitanda kabla wageni hawajafika, na mimi mikono ninayo, kazi sina. Tukaanza wodi ya wazazi. Mashuka yamekuja kwenye mifuko ya plastiki inayong'aa, yamefungwa utepe wa bluu, meupe mpaka macho yanauma. Mama anashika kichwani, mimi miguuni. Navuta, halifiki. Navuta tena.

"Mama, hili fupi."

"Chukua lingine."

Lingine nalo fupi, limepungua kama shubiri. La tatu vilevile. Mama akaja upande wangu, akalitazama pindo la miguuni. Lilikuwa limeshonwa kwa mashine ya kisasa ya kufunga nyuzi, uzi mpya. Hapo ndipo unapokaga mhuri wa hospitali, kwenye kona. Mhuri haukuwepo. Akarudi kichwani, akalishika pindo la upande ule kati ya vidole viwili, akaenda nalo taratibu mpaka mwisho, kama mtu anayetafuta sarafu kwenye upindo wa gauni.

Akasimama.

"Redio," akasema. Hakugeuka. "Njoo ushike hapa."

Nikashika. Ukucha wa mtoto mchanga.

Yaani! Walikata upande wenye mhuri! Wakapiga pindo jipya hapo, wakayafua kwa dawa ya kung'arisha, wakayapiga pasi, wakayavika plastiki. Pande nyingine wakaziacha, kwa sababu nani duniani anasoma pindo la shuka?

"Mama, ni yetu! Ni yale y—"

Akaniziba mdomo kwa kiganja. "Usimwambie mtu. Nikisema ovyo watasema nimeyashona leo. Niache nifikiri. Umenisikia? Hata mmoja."

"Hata mmoja," nikaapa.

Na kweli nilimwambia mmoja tu. Mama Pacha, wa kitanda cha dirishani, kajifungua mapacha juzi na hawezi kunyanyuka, nikamwonea huruma hana wa kuongea naye. Nikamnong'oneza, nikamshikisha kona ya shuka lake. Kosa langu ni hilo moja. Mama Pacha akamwambia mama mkwe wake aliyekuja na uji. Mama mkwe akaenda kusuuza kikombe. Nilipomaliza kitanda cha mwisho nikageuka, wodi nzima ilikuwa kimya kile kimya cha darasa mwalimu akiwa mlangoni, na kila mwanamke ana mkono mmoja chini ya godoro.

Mama aliniangalia. Nikaangalia dari.

Mheshimiwa akafika saa nne. Uani ndugu wa wagonjwa walikuwa wamejaa, wengine na maboksi yao matupu, wanauliza kwa zamu, "Glavu ziko wapi? Dawa ziko wapi?" Akawapungia mkono, akaingia ndani na waandishi, Metroni, na Baba Stoo nyuma kabisa, anajifuta shingo kwa leso. Jamani, yule baba alikuwa amekonda. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia siku nzima, nikaona kola imemwacha shingo, chuki ikanipungua.

Mheshimiwa akaanza. Jimbo linajali. Kuna wanaoeneza maneno. Leo watu wajionee kwa macho. Akalishika shuka la Mama Pacha, akalinyanyua mbele ya kamera. "Tazameni kiwango! Hii ni kazi ya kiwandani!" Kisha akatafuta wa kumuunga mkono, na hapo ndipo alipojikwaa mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameambiwa pale wodini yuko fundi, na hakuambiwa fundi huyo ana barua gani kwenye pochi. "Mama fundi yuko wapi? Njoo, mama. Wewe ndiye mtaalamu. Waambie wananchi, ushonaji huu ukoje?"

Metroni akafumba macho. Baba Stoo akaacha kujifuta.

Mama akaenda. Akavuta miwani chini kutoka kwenye kipaji cha uso. Akalipokea shuka kwa mikono miwili, kama unavyopokea mtoto, akalikagua pindo bila haraka, mpaka mwandishi mmoja akabadilisha mguu.

"Ushonaji ni mzuri, Mheshimiwa," akasema. "Ni wangu."

Mheshimiwa akacheka. "Mama ana utani!"

"Sina utani, baba. Cherehani yangu hairudi nyuma. Kwa hiyo mwisho wa pindo nafanya hivi." Akamwonyesha, kwa kidole, pembeni, pembeni, pembeni. "Pembetatu. Hakuna kiwanda kinachofanya hivi, kwa sababu kiwanda kikiharibikiwa kinaletewa fundi. Haya ni mashuka ya hospitali hii. Yalichukuliwa na lori kwenda kupigwa dawa. Mimi nimepewa barua kwamba nimeyapoteza."

"Mama, shuka moja tu laweza kuchangan—"

"Na mimi ninayo!" Mama Pacha, kutoka dirishani.

"Na hili!"

"Hili lina tatu!"

Basi kila mmoja akachomoa kona ya shuka lake kutoka chini ya godoro, wanawake wenye mishono tumboni, wenye vichanga kifuani, wanainua kona juu kama watoto wanaojua jibu. Mama mkwe wa Mama Pacha akatoa kichwa dirishani na kuwaambia walio uani kwa sauti ambayo mimi na stashahada yangu sitaifikia. Kelele ya nje ikakatika. Halafu ikaanza kicheko. Si kicheko cha furaha, ni kile cha mtu aliyeambiwa miaka mingi kwamba anaota, akaonyeshwa shuka.

Mheshimiwa akasema itaundwa kamati. Kicheko kikaongezeka.

Na katikati ya kicheko hicho Baba Stoo akasema kitu. Hakikusikika. Akarudia. "Lori lilikuja." "Karatasi nilisaini mimi. Ninayo, iko kwenye droo. Niliambiwa nikiitoa, kazi hakuna, na mimi mke wangu..." Hakumaliza. Tunajua sote mke wake yuko wodi ya ghorofa ya pili tangu mwaka juzi.

Mama akamsogezea kiti. Ndiyo, mama yangu, mwenye barua ya polisi kwenye pochi, akamsogezea kiti. "Kaa, baba," akamwambia. "Kaa kwanza. Halafu twende ukaitoe hiyo karatasi."

Wakaenda wote wawili, na waandishi nyuma yao.

Nani alikula nini mimi sijui, sitawadanganya. Wachunguzi wako hospitali tangu asubuhi ya jana, mzabuni aliyeliuzia jimbo hayo mashuka "mapya" simu yake haipatikani, na Mheshimiwa anasema naye alihadaiwa. Huenda. Watu wamerudi kwenye ngazi za jimbo, safari hii hawajaondoka. Glavu bado hakuna.

Ila jana hiyohiyo, Ijumaa, saa sita kasoro, Metroni alikuja chumbani kwa mama. Nilikuwepo, nashika ncha ya shuka.

"Ile barua, dada yangu," Metroni akasema, hamtazami usoni, "nirudishie tuichane yaishe."

"Siirudishi," mama akasema. "Ina jina langu. Niandikie nyingine inayosema sikupoteza kitu, ndipo nitakupa hii. Na uipige mhuri."

Metroni akaenda. Dakika ishirini akarudi nayo, ina mhuri, wino bado mbichi. Mama akanipa niisome mara mbili, kwa sauti, mlango wazi, wafuaji wote wasikie. Hapo kwa mara ya kwanza maishani mwangu aliniambia, "Ongeza sauti, Redio."

Na leo asubuhi! Hii ndiyo iliyonileta mbio. Leo asubuhi amekuja kijana wa watu na sanduku la vifaa, katumwa na jimbo, haraka sana, ombi la mama limekubaliwa. Amekuja kutengeneza gia ya kurudi nyuma.

Mama alikuwa anarefusha yale mashuka yaliyokatwa, anaunga kipande miguuni yafike mwisho wa godoro. Hakunyanyua kichwa.

"Asante, mwanangu," akamwambia. "Tia mafuta kwenye gurudumu, kanyagio nalo linalia, lishughulikie. Gia iache hivyohivyo."

Kijana akanitazama mimi. Mama akazamisha sindano, akanyanyua kiguu, akageuza shuka.