Mlio wa Ringi Darajani

Moto ulipoteketeza msitu wa mlimani mwezi wa kumi, Imaculata alijua mvua za kwanza zitaleta balaa. Alikuwa mtumishi wa ofisi ya maji. Wenzake walikuwa wamepunguzwa kazini mwaka ule, hivyo alibaki peke yake kuuangalia mto Luhimbi. Kila siku alipanda hadi darajani, juu ya mabonde ya Msamala, akasoma kipimo kilichosimikwa majini, kisha akautazama mlima mweusi, usio na hata jani la kushika udongo. Kando ya daraja alitundika ringi ya lori.

"Mkisikia nagonga," aliwaambia watu wa bondeni, "acheni kila kitu, pandeni juu."

Mumewe, Romanus, alikuwa bondeni humohumo akichoma matofali. Mtaa wa Majengo maduka yalikuwa yakiota kama uyoga, na matofali yalinunuliwa kabla hayajapoa.

"Baba Agape, ondokeni pale," Imaculata alimsihi.

"Tanuru linawaka, mama. Nitalibeba kichwani?" Romanus alicheka. "Likiiva hili, tunahama. Ila ringi yako nitaisikia."

Mchana mmoja wingu zito lilifunika mlima, ingawa Msamala jua liliwaka. Imaculata alisimama darajani akingoja maji yapande. Yakashuka. Mawe ya chini yakaanza kuonekana.

"Afadhali leo mto umetulia," alisema mama mmoja aliyekuwa akichota maji.

Imaculata alielewa mara moja. Magogo yaliyoungua yalikuwa yameziba mto huko juu, na maji yalikuwa yakijaa nyuma ya magogo hayo.

"Toka majini! Kimbia!" alimpigia kelele, akashika nyundo.

Aligonga. Kutoka pale aliuona moshi wa tanuru, na miguu yake ilitaka kushuka kwa Romanus. Lakini angeacha kugonga, waliokuwa mbali kwenye bustani wasingesikia. Akaendelea kugonga huku analia. Halafu mlima ukanguruma. Mto ulikuja mweusi, mzito kama uji, umebeba magogo na mawe, ukang'oa kipimo, ukapita chini yake kuelekea bondeni. Moshi wa tanuru ukakatika.

Jioni hiyo kijana aitwaye Leo, aliyekuwa akifyatua matofali na Romanus, alikuja ametapakaa matope.

"Dada, tulisikia," alisema. "Kaka Romanus alitufukuza wote tupande. Ila bibi Kunegunda alikuwa analima matuta yake, na masikio yake unayajua. Kaka akarudi kumfuata. Alimfikia, dada. Nilimwona amemshika mkono."

Mwili wa bibi ulipatikana kesho yake. Wa Romanus ulipatikana baadaye, chini ya magogo, wakamzika kwao Maposeni.

Baada ya mazishi mama mkwe alimkazia macho. "Mwanangu anakufa, wewe unagonga chuma?"

"Ndiyo, mama."

 Mama mkwe aligeuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Wiki iliyofuata wingu lilirudi mlimani. Jivu lilikuwa bado limejaa kule, na hakukuwa na mtu mwingine wa kwenda. Imaculata alimwacha mwanawe Agape kwa jirani, akavaa koti. Njiani watu walionusurika walinyamaza walipomwona. Alitamani hata mmoja aseme neno. Alipita katikati yao, akapanda kwenda darajani, na mvua ikaanza.