Uso wa Adela

Mwaka ule wa kwanza baada ya watu kuhamia kijiji cha ujamaa karibu na Mwazye, hapakuwa na mgeni wa serikali aliyefika asimkute Adela mbele ya mstari wa ngoma. Hakuwa mchezaji hodari. Aliwekwa mbele kwa sababu ya sura, naye alijua.

Mama yake, Josefina, ndiye aliyemlea hivyo. Kaka zake walipokwenda kulima juani, Adela alibakizwa nyumbani apakwe mafuta. "Hao watapewa mashamba," mama alisema. "Wewe urithi wako ni huo uso. Utunze."

Basi kiangazi kimoja, wakipika pombe ya ulezi ya sherehe ya uchumba wake, chungu kilipasuka mekoni. Uji wa moto ukamrukia shavu la kushoto mpaka shingoni. Alilazwa wiki sita. Aliporudi, ngozi ilikuwa imejikunja na pembe ya mdomo imevutwa chini. Watu waliokutana naye njiani walimsalimia huku wakitazama miguu yake.

Mchumba wake, Flavian, alikuja Jumapili baada ya misa. Akamwamkia mama, akakaa kwenye kigoda, akazungumzia mvua.

"Flavian," Adela alisema, "niangalie."

Kijana aliinua macho, akayashusha.

"Siku ile uliyoniona kwenye ngoma, kama ningekuwa hivi, ungenifuata?"

Flavian hakuwa mtu mwongo. "Nisingekuona," alisema.

"Basi nenda. Sina kinyongo."

Kinyongo alikuwa nacho. Alilia siku tatu, uso ameuelekeza ukutani, hata chakula akakikataa. Kilichomuuma zaidi hakikuwa Flavian. Kila alipojaribu kukumbuka jambo jingine ambalo watu waliwahi kumsifia, hakulipata.

Alipoinuka alijitanda khanga, akaenda kwenye mkutano ambako mwenyekiti wa kijiji, mzee Polikarp, alikuwa akigawa mashamba.

"Shikamoo, mzee. Naomba shamba."

"Marahaba. Kwa jina la nani, binti? Baba yako amekwishapata."

"Langu. Adela."

Minong'ono ikapita. Mwanamume mmoja nyuma akasema, tena kwa sauti, "Apewe tu, maskini. Nani atamwoa sasa?" Kwa huruma hiyo akaandikiwa ekari moja kando ya bonde. Maneno yalimchoma, lakini shamba akalipokea.

Asubuhi alipoanza kupiga matuta, mama yake alitokea na jembe begani. Walilima mpaka jua likawa juu.

"Mimi sikuwa mzuri," Josefina alisema ghafla, mikono ikiendelea kulima. "Baba yako alikuja kumposa dada yangu. Dada akakataa, nikatolewa mimi, kama mgeni anavyopewa maharage baada ya nyama kwisha. Miaka yote hii hajanitazama vizuri hata mara moja. Sikutaka yakupate."

Adela alisimamisha jembe. Siku zote alidhani mama anaupenda uso wake. Kumbe alikuwa anamwogopea. Alitaka kumkasirikia, hasira isije.

"Pumzika kidogo, mama. Hapa nitamalizia mimi."

"Sijachoka," Josefina alijibu. Wakainama tena, kila mmoja kwenye tuta lake.