Bastola ya Babu Harlan

Shemeji yangu Wendell aliporudisha bastola ya babu yangu aliyokuwa ameiazima kwangu, mpini wake haukunikaa vizuri mkononi. Niliipeleka kwa Loomis, fundi wa silaha za kale mjini Butte. Akafungua mpini, akasoma namba ya kiwandani iliyochongwa kwenye chuma.

"Bi Edith, hii ilitengenezwa mwaka 1921."

"Babu alikufa 1911."

"Basi si yake."

Jioni Wendell alikuja kula kwetu kama kawaida. Nikaiweka ile bastola kando ya sahani yake.

"Shemeji, ya babu iko wapi?"

Wendell akasukuma sahani kando. "Niliiuza mjini Denver, nikanunua hii. Nilidhani hutatambua tofauti."

Kesho yake tulikwenda Denver pamoja kuitafuta. Usukani wa gari langu nilishika mimi; sikumwazimisha kitu tena.