Mkasi Haufunguki

Fundi Sentimita, kama wateja walivyozoea kumwita, alifika kwa daktari wa viungo akitaka kitu kimoja tu: dawa ya nguvu, arudi mezani akakate gauni la harusi ya bintiye. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimeinama kama kichwa cha mtu anayesinzia. Wiki nzima alikuwa akiminya mpira mpaka jasho linamtoka, na mkono ukazidi kumdharau. Wa kushoto ndio usiseme, hata kucha haujui kukata.

"Acha huo mpira, baba," daktari alisema. "Unaufundisha mkono kufumba. Wewe umeshindwa kufumbua."

"Si nikiacha kufumba unafumbuka wenyewe?"

"Thubutu! Huu msuli wa mbele unavuta, vidole vinakunjika. Wa nyuma unavuta, vinanyooka. Mmoja ukivuta, mwenzake unalegea. Msuli hausukumi hata siku moja."

"Mbona jana nimesukuma kabati?"

"Ulivuta."

"Nimesukuma! Mke wangu shahidi." Kisha akakumbuka kwamba mkewe hasemi naye.

Daktari akamsogezea mifupa ya plastiki iliyoning'inia pembeni. Msuli wa nyuma ya mkono ukivuta, alimwonyesha, kiwiko kinanyooka, na huko kunyooka ndiko kunakosukuma kabati. Sentimita alikodoa macho. Kila neno alilielewa, ila yote kwa pamoja yalimpiga chenga.

Daktari akakiinua kile kiganja kilicholala, akakishikilia kwa chini. "Haya, nibane kidole."

Sentimita akabana. Daktari akapiga kelele.

Nguvu zilikuwepo! Sasa wiki nzima zilikuwa zimejificha wapi?

"Kiganja kikilala, misuli ya kufumba inalegea kabla haijaanza kazi," daktari alisema huku akipuliza kidole. "Usiku ule kabla hujaamka na mkono huu, ulilalaje?"

"Kitandani."

"Kitandani kweli?" daktari akauliza.

"Kwenye kiti. Mkono nikauning'iniza nyuma ya egemeo."

"Basi ubao wa kiti umebana mshipa wa fahamu huku juu karibu na bega, ule unaopeleka amri kwenye misuli ya nyuma. Mara nyingi huwa unaamka. Lakini subiri miezi."

Miezi, na harusi ni Jumamosi! Sentimita alitoka pale kichwa kikimzunguka. Inakuwaje bega libanwe, kidole ndicho kife?

Kisa cha kulala kwenye kiti alikijua, na ndicho kilichomuuma. Mkewe, anayeshona kwa cherehani humo humo dukani kwake, aliomba mkasi akate gauni la mwanawe. Sentimita akamfokea kwamba mkasi wa mkataji haushikwi na mtu mwingine. Mkewe akamwambia basi akalale na mkasi wake. Naye, kwa kununa, akaenda kulala sebuleni kwenye kiti cha mbao.

Dukani kitambaa cheupe kilikuwa kimetandazwa mezani, chaki tayari. Mkewe hakuinua kichwa. Sentimita akaingiza vidole kwenye mkasi, akafumba. Haukufunguka. Akaufungua kwa mkono wa kushoto, akafumba, ukakwama tena. Aibu ikamjaa, machozi yakamlenga.

"Mama watoto, nisamehe. Nilikufokea bure. Chukua ukate."

Cherehani ikanyamaza. Mkewe akaja, akautazama mkasi, asiuchukue. Akaweka mkono mmoja chini ya kiganja cha mumewe, akakiinua. Kwa mkono wa pili akashika mpini wa juu.

"Mistari ni yako, unaijua mwenyewe. Wewe fumba, mimi nafungua."

Wakavuta wote kwa pamoja, mkasi ukagoma.

"Legea basi!"

"Si umesema nifumbe?"

"Nikifungua mimi, wewe legea!"

Wakaanza upya. Akavuta yeye, akalegea mkewe. Akalegea yeye, akavuta mkewe. Kitambaa kikaanza kukatika, kwa kusuasua kwanza, halafu moja kwa moja juu ya mstari wa chaki, na Sentimita hakujua tena ni nani anayekata.