Mguu Uliowahi Kazini

Asubuhi, mpiga pasi alikunja taulo, akaliweka chini ya goti na kulikandamiza kama alivyoelekezwa na daktari wa mazoezi. Kano za goti hilo zilikuwa zimeshonwa baada ya yeye kuteleza kazini kwa dobi, palipovuja bomba la mvuke mwaka mzima. Msimamizi alilijua bomba hilo. Aliliwekea ndoo, akajiona fundi.

Siku iliyofuata mguu haukumsubiri. Alipoamka aliukuta umejichomoa mwilini, uko mlangoni, umeshavaa kiatu. Uliruka hadi barabarani bila hata kuaga. Mumewe, aliyekuwa akinywa chai, alisogeza kiti upite.

"Afadhali mmoja wenu anawahi," alisema.

Msimamizi aliupokea kwa mikono miwili. Mashine ya pasi huendeshwa kwa pedali, na mikono ya kupanga mashuka aliikopa kwa wafanyakazi wa meza ya jirani. Huyu ndiye mfanyakazi, alitangaza: hapigi soga, haendi chooni, haulizi habari za bomba. Wafanyakazi wengine waliitikia, maana kujipendekeza ndiyo kazi pekee waliyoifanya bila kusukumwa.

Jioni mguu ulirudi umevimba. Mpiga pasi aliukanda kwa barafu, akaubembeleza ubaki nyumbani. Haukusikia. Ulikuwa umezoea kutii tangu ujana wake, na kwa hilo alijilaumu mwenyewe.

"Dada, ukiendelea kukanyaga pedali, kano zitakatika tena," daktari wa mazoezi alimwonya. "Hutatembea sawasawa maishani."

Aliogopa sana. Alichukua magongo, akaufuata mguu kwa dobi. Hakuna aliyeinua macho.

"Nimekuja kuchukua mguu wangu," alimwambia msimamizi.

"Mguu umelalamika?"

"Hauna mdomo."

"Basi wewe kakutuma nani?"

Mpiga pasi alimpita mpumbavu yule. Aliketi kwenye stuli, akauunganisha mguu, akafunga bandeji. Alipotaka kuondoka, unyayo ulikataa kutoka kwenye pedali. Aliuvuta kwa nguvu, na goti likalia. Akaacha, akasogeza shuka la kwanza, akapiga pasi pamoja na mguu wake mchana kutwa huku machozi yakimtoka.

Jioni msimamizi alipita akiaga watu. Mbele ya mashine aliinama, akaupigapiga mguu na kuushukuru kwa moyo wake wa kazi. Kisha akamwambia mwenye mguu aondoe magongo yake, yanaziba njia.